Kunyamazisha Bakteria Si Kuwaua

Mgonjwa wa kisukari kutoka Msimbati au vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma anapofika zahanati na kidonda cha mguu, huenda amekwisha kukiosha kwa maji ya magome ya mkomafi. Je, maji ya mti yanaweza kufanya nini?

Bakteria huwasiliana kwa kemikali. Wakiwa wachache, kemikali hiyo hupotea bure. Wakiongezeka, hufikia kiwango kilicho mfano wa akidi ya kikao. Hapo Pseudomonas aeruginosa, mkaaji sugu wa vidonda, hutoa sumu kwa pamoja na kujenga utando unaomkinga dhidi ya dawa.

Baadhi ya mimea huvuruga mawasiliano hayo. Ajoini ya kitunguu saumu imefanya hivyo maabara. Kipimo chake hupendeza macho: Chromobacterium violaceum wakiwa wengi hugeuka zambarau. Dawa ya mmea ikiondoa rangi, mtafiti hana budi kuwahesabu. Wakiwa wamekufa, hiyo ni sumu tu. Wakiwa hai kwa idadi ileile, wamenyamazishwa.

Aliyenyamazishwa bado yumo kidondani, na kinga ya mwili ndiyo impasayo kumwondoa. Kwa mwenye kisukari, kinga hiyo ni dhaifu. Basi mkomafi, hata ungefaulu maabara, hauchukui nafasi ya kusafisha kidonda, kudhibiti sukari wala kumaliza viuavijasumu alivyoandikiwa.

Mhudumu, uliza bila kukaripia: mti gani, sehemu gani, aliosha au alikunywa? Andika kwenye kadi. Akikemewa leo, safari ijayo ataficha.