TETEMEKO LA ARDHI: NANI ATOE RUHUSA YA KURUDI NDANI?



Somo letu safari hii ni juu ya tetemeko la ardhi, na hasa juu ya zile taarifa ambazo siku hizi huingia katika simu dakika chache baada ya ardhi kutikisika. Katika mikutano yetu huku mwambaoni, kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac na Kabonga, tumeulizwa mara nyingi: taarifa hizo zina faida gani kwa mtu anayekamua mawese, anayebeba magunia bandarini au anayeanika ndagala mchangani? Wengine husema hayo ni mambo ya wataalamu. Sisi tunasema faida ipo, lakini siyo ile ambayo wengi wanaifikiria, na asiyejua tofauti anaweza kupoteza maisha yake huku simu anayo mkononi.

Kwanza tujue mahali tunapokaa. Ziwa Tanganyika limo ndani ya Bonde la Ufa. Ardhi hapa inavutwa polepole pande mbili, mashariki na magharibi, na maji yamejaa katika ule mpasuko. Ndiyo sababu kina cha ziwa kinafika karibu mita 1,470. Mpasuko huo haujalala. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga upande wa Rukwa, kusini-mashariki, nalo ni miongoni mwa makubwa kabisa ya Afrika katika karne ile. Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na dakika 19 mchana kwa saa zetu, likaja la 6.8. Kitovu chake kilikuwa chini ya ziwa, kusini ya Kalemie. Huko Kalemie nyumba zilianguka na watu walikufa, na mtikisiko ulisikika mpaka Nairobi. Tuangalie siku yenyewe: ilikuwa Jumatatu, saa ya kazi.

Sasa tuje kwenye taarifa. Tetemeko hutuma mawimbi ya namna mbili ardhini. Wimbi la kwanza lina mbio, kama kilomita 6 kwa sekunde, lakini ni dhaifu. Linatikisa vikombe tu na kuwatia mbwa hofu. La pili linakwenda kama kilomita 3 na nusu kwa sekunde, na hilo ndilo linaloangusha kuta. Wataalamu wamepata ujanja katika tofauti hiyo. Kipima kilicho karibu na kitovu hunasa wimbi la kwanza, kompyuta hukadiria ukubwa, na onyo hurushwa kwa watu walio mbali kabla wimbi la pili halijawafikia. Japani imekuwa ikitoa onyo la namna hii kwa wananchi wote tangu 2007. Tarehe 11 Machi 2011, vipima vya reli yao vilisimamisha treni za mwendo kasi, na hakuna abiria hata mmoja wa treni hizo aliyekufa kwa tetemeko lile kubwa.

Tufanye hesabu, ile ya shule ya msingi inatosha. Kutoka kitovu cha 2005 mpaka Kabonga ni kama kilomita 200. Wimbi la kwanza linafika Kabonga baada ya sekunde 33, la pili baada ya sekunde 57. Tuseme pale Kalemie, kilomita 55 kutoka kitovu, pangekuwa na kipima cha kutoa onyo. Kingelinasa wimbi la kwanza katika sekunde ya 9. Tuipe mashine sekunde 10 nyingine za kuhesabu na kutuma. Onyo lingefika Kabonga kwenye sekunde ya 20 hivi, na mfanyakazi wa Kabonga angebakiwa na zaidi ya nusu dakika ya kuzima injini na kutoka nje. Lakini huyo ndugu yetu wa Kalemie? Wimbi la pili lingemfikia katika sekunde ya 16. Angeanguka na ukuta kabla ya simu yake kulia.

Hayo yamekwisha kuonekana kwa macho. Mexico walianza kutumia onyo kama hilo mwaka 1991, baada ya mji wao mkuu kubomolewa na tetemeko la 19 Septemba 1985. Vipima viliwekwa pwani, kama kilomita 300 kutoka mjini, na onyo likaweza kuwapa watu hata dakika nzima. Lakini tarehe 19 Septemba 2017 tetemeko lilitoka upande mwingine, karibu zaidi, na ving'ora vililia karibu sawa na mtikisiko wenyewe. Na siku ile ile asubuhi mji mzima ulikuwa umefanya zoezi la kutoka nje! Kilichowasaidia wengi ni zoezi kuliko king'ora.

Kwa hiyo tusidanganyane. Onyo la sekunde linataka vipima vingi vilivyo karibu-karibu, vyenye umeme na mawasiliano usiku na mchana, na mtu wa kuvilipia. Huko Goma, kituo kinachochunguza volkano ya Nyiragongo kilikaa miezi kadhaa bila kupata habari za vipima vyake kwa sababu fedha za intaneti zilikwisha. Huduma iliporudi haukupita muda mrefu, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka bila watu kuonywa. Vituo vikubwa vya dunia vilivyo katika eneo letu ni kama kile cha Mbarara huko Uganda, Kilima Mbogo huko Kenya na Lusaka huko Zambia. Hivyo ni vizuri, lakini viko mbali. Tetemeko likitokea chini ya Rumonge, wimbi la kwanza litaipata Mbarara baada ya dakika moja hivi. Wakati huo wimbi la pili limekwisha kutupiga sisi.

Basi onyo la kwanza tulilo nalo ni mwili wetu wenyewe. Ukihisi mtikisiko mdogo wa ghafla, usingoje kuambiwa. Aliye karibu na mlango atoke mara moja, asimame mbali na ukuta, mbali na nguzo za umeme. Aliye ndani sana ajikunje chini ya meza imara, afunike kichwa. Na mwenye moyo wa kuhesabu ahesabu: zile sekunde kati ya mtikisiko mdogo na ule mkubwa, ukizizidisha mara nane, unapata kilomita mpaka kitovu. Sekunde 3 maana yake ni hapa hapa kwetu, sekunde 25 maana yake ni mbali.

Halafu ipo taarifa ya pili, ile inayofika baada ya dakika kadhaa. Hapa ndipo sendika inapoingia.

Idara ya Jiolojia ya Marekani hupeleka taarifa bure kwa barua za intaneti kwa yeyote aliyejiandikisha, popote duniani. Unachagua eneo unalolitaka, tuseme kutoka Bukavu mpaka kusini ya Kalemie, na ukubwa unaoutaka, tuseme kuanzia 4.5. Kwa sehemu zetu taarifa inaweza kuchukua dakika 20 hivi. Itataja ukubwa, mahali na kina. Dakika 20 haziwezi kukuokoa na mshindo wa kwanza, hilo tumelikubali. Lakini fikirini nini hutokea kazini katika dakika hizo 20. Watu wako nje, mmoja anakumbuka simu yake, mwingine koti lake. Mapipa ya mawese bado yako motoni. Kapita anaangalia saa. Mtu wa kwanza anaingia, kapita anasema mmeona, hakuna kitu, rudini. Tumekwisha kuona mahali pamoja ambapo waliokataa kurudi walikatwa ujira wa siku nzima.

Tukumbuke Jumapili ya 3 Februari 2008. Saa tatu na nusu asubuhi tetemeko la 5.9 liliipiga Bukavu na upande wa Rusizi huko Rwanda. Waumini walikuwa kanisani, na baadhi yao walikufa ndani ya kanisa lililoanguka. Zikapita saa tatu na zaidi kidogo, likaja la pili, la ukubwa wa 5.0. Ukuta uliokwisha kupasuka asubuhi hauhitaji nguvu nyingi ili uanguke mchana. Na siku zilizofuata mitikisiko iliendelea. Ndiyo tabia yake: tetemeko kubwa lina watoto, na watoto hao huja kwa saa, siku, hata majuma.

Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Anayekuletea ujumbe kwamba leo saa nne usiku litapiga lingine, mwambie ni mwongo, hata kama ujumbe wake una jina la ofisi kubwa. Lakini wataalamu wanaweza kusema lililopita lilikuwa na ukubwa gani na lilikuwa wapi, na hayo mawili yanatosha kwa uamuzi wa kurudi ndani au kubaki nje. Tusiisome ile namba peke yake. Lile la 2005 lilikuwa 6.8, na lile la Bukoba la 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9, nguvu ndogo mara ishirini na zaidi. Hata hivyo la Bukoba liliua watu zaidi ya 15, kwa kuwa lilikuwa karibu na watu na kuta zao. Umbali kwanza, kisha kuta, kisha namba.

Na kuta zetu tunazijua. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena 2024, maji yaliingia katika maghala na nyumba nyingi za mwambao. Tofali bichi lililolowa halirudi kuwa lile lile. Kila mjumbe wetu apite kazini kwake wiki hii, aangalie nyufa, azipige alama kwa chaki na kuandika tarehe pembeni. Baada ya mtikisiko wowote ataona kama ufa umeenda mbele. Hiyo nayo ni kupima, na haitaki intaneti.

Kuhusu simu, tunashauri kila kikundi cha zamu kichague wapokeaji wawili, siyo mmoja, kwa sababu mmoja atakuwa ziwani au simu yake haina moto. Wawili hao wawe na filimbi. Baada ya tetemeko kila mtu hupiga simu nyumbani na mtandao huziba, lakini filimbi haizibi. Milio mitatu mirefu: tokeni. Mlio wa kurudi usiwepo kabisa. Ruhusa ya kurudi itolewe kwa mdomo, baada ya kuhesabu watu. Wenye mashine za kukamua wawe na mtu mmoja wa kuzima injini, na moto wa chini ya mapipa uzimwe kwa mchanga uliowekwa tayari, maana mawese yanayochemka yakimwagika huunguza kuliko moto wenyewe. Walio ufukweni wapande juu, wasingoje kuvuta mitumbwi, kwani ziwa lililotikiswa huweza kupiga mawimbi. Na tusitegemee msaada wa haraka kutoka Bujumbura. Mwaka 2015 maporomoko ya Gitaza yalikata barabara hiyo kwa mvua tu, bila tetemeko lolote.

Hayo yote yanawezekana bila mwajiri. Linalobaki haliwezekani bila yeye, nalo tulidai kwa maandishi. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa 1981, unasema mfanyakazi aliyejitoa mahali pa hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, alindwe asidhurike kwa kujitoa kwake. Na mwajiri hawezi kumtaka arudi mahali hapo hatari ikiwa ingalipo. Tangu Juni 2022 mkataba huo umewekwa katika orodha ya mikataba ya msingi, na kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu misingi yake. Patroni akisema hajaisikia, mjumbe amsomee.

Karatasi tunayotaka isainiwe ni fupi. Baada ya tetemeko linalosikika, hakuna anayeingia ndani mpaka wapokeaji wamesoma taarifa na mjumbe wa wafanyakazi pamoja na mtu wa mwajiri wamezunguka jengo na kuangalia nyufa. Mmoja wao akikataa, jengo linabaki limefungwa mpaka fundi aje. Saa za kungoja nje zinalipwa kama saa za kazi, na kibarua wa siku naye amo. Hili la kibarua tusiliachie, ndugu, kwani ndiye anayerudi ndani wa kwanza kwa kuogopa kukosa chakula cha jioni. Zoezi la kwanza lifanywe ndani ya mwezi mmoja baada ya kusaini, siku ya kazi, mashine zikizunguka, na muda wake ulipwe vile vile.