Somo la 14: Kansa ya Damu na Dawa Zake

Katika somo hili tutajifunza habari za ugonjwa wa kansa ya damu. Watu wengine huuita saratani ya damu. Zamani ugonjwa huu uliua kila mtoto aliyeupata. Leo watoto wengi wanapona. Tutasoma jinsi wataalamu walivyotafuta dawa, na sisi wazazi tunapaswa kufanya nini.

Damu ni nini?

Ukijikata na jembe, damu hutoka. Kwa macho unaona maji mekundu tu. Lakini ndani ya damu mna chembe ndogo sana, ambazo huonekana kwa hadubini. Chembe hizo ni za aina tatu.

Chembe nyekundu huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Zikipungua, mtu huchoka na kupauka.

Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Hupigana na vijidudu vya magonjwa.

Chembe za kugandisha damu huziba jeraha. Zikipungua, damu haikatiki upesi.

Chembe zote hizi hutengenezwa katika uboho. Uboho ni kitu laini kilicho ndani ya mifupa. Ukivunja mfupa wa ng'ombe utauona.

Kansa ya damu ni nini?

Fikiria shamba la mahindi lililovamiwa na magugu. Magugu hula rutuba na kuchukua nafasi. Mahindi hudhoofika.

Kansa ya damu hufanya hivyo hivyo ndani ya uboho. Chembe nyeupe ambazo hazijakomaa huzaana ovyo. Ni nyingi, lakini si askari wa kweli, maana haziwezi kupigana. Hujaza uboho, na chembe nzuri hukosa nafasi.

Kwa hiyo mgonjwa hupauka na kuchoka. Hupata homa za mara kwa mara. Damu humtoka puani au kwenye fizi. Huwa na alama za vilio vya damu mwilini bila kupigwa. Mifupa humuuma. Pengine tezi za shingo au za kwapani huvimba.

Kansa ya damu kali huenda mbio. Bila dawa, mgonjwa hufa katika majuma au miezi michache. Ugonjwa huu hauambukizi. Pia si kulogwa, wala si kosa la mama.

Dawa ya kwanza

Mwaka 1847 daktari wa Ujerumani, Rudolf Virchow, aliupa ugonjwa huu jina la kitaalamu lenye maana ya "damu nyeupe". Lakini kuupa ugonjwa jina si kuutibu. Ikapita miaka 100 bila dawa ya kufaa.

Mwaka 1947, katika mji wa Boston huko Marekani, daktari Sidney Farber alijaribu njia mpya. Iko vitamini moja inayosaidia mwili kutengeneza damu. Imo katika mboga za majani, na akina mama wajawazito hupewa vidonge vyake kliniki. Mtu mwenye afya anaihitaji sana. Lakini Farber aliona kwamba watoto wenye kansa ya damu walipopewa vitamini hiyo, ugonjwa ulizidi. Ilikuwa kama kuweka mbolea penye magugu.

Basi Farber akawaza: tukiizuia vitamini hiyo, je, kansa haitakosa chakula? Mtaalamu mmoja kutoka India, Yellapragada Subbarow, pamoja na wenzake, walikuwa wametengeneza dawa ya kuizuia. Farber aliwapa dawa hiyo watoto 16. Watoto 10 walipata nafuu. Wengine waliokuwa wamelala kitandani waliinuka.

Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1948. Lakini furaha haikudumu. Baada ya muda mfupi ugonjwa uliwarudia watoto wale. Hata hivyo jambo kubwa lilikuwa limejulikana: kansa ya damu inaweza kurudishwa nyuma kwa dawa.

Dawa iliyotoka kwenye ua

Uko mmea mfupi wenye maua ya rangi ya waridi au meupe. Kila ua lina vipande vitano. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, na hupandwa penye nyumba za watu, hata huku pwani kwetu.

Katika nchi kadhaa watu waliutumia kutibu ugonjwa wa kisukari. Wataalamu wa Kanada wakaupima kwa panya. Sukari haikupungua, bali chembe nyeupe za damu zilipungua. Wakatambua kwamba mmea huo unaweza kufaa kwa kansa. Kutokana na mmea huo zilipatikana dawa mbili. Moja yake, vinkristini, iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963. Inatumika mpaka leo.

Angalia sana! Usichemshe mmea huo na kumpa mgonjwa. Una sumu. Dawa ya hospitali husafishwa na kupimwa kwa makini.

Dawa nyingi kwa pamoja

Mgonjwa wa kifua kikuu hapewi dawa moja tu. Hupewa dawa kadhaa pamoja, ili vijidudu vikiishinda moja vishindwe na nyingine. Kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari Emil Frei na Emil Freireich walifanya vivyo hivyo kwa kansa ya damu. Waliwapa watoto dawa nne pamoja. Nafuu ilidumu zaidi kuliko kwanza.

Lakini kwa watoto wengi ugonjwa ulirudi, safari hii kichwani. Dawa zinazopita katika damu haziingii vizuri kwenye ubongo. Chembe za kansa zilikuwa zimejificha humo.

Katika mji wa Memphis, daktari Donald Pinkel na wenzake wakaamua kumfuata adui huko alikojificha. Waliongeza tiba ya ubongo na uti wa mgongo, kisha wakaendelea kutoa dawa kwa miaka. Katika utafiti wao ulioanza miaka ya mwisho ya 1960, nusu ya watoto walipona kabisa. Baadaye ilionekana kwamba mionzi ya kichwani inaweza kudhuru akili ya mtoto. Kwa hiyo siku hizi wengi huchomwa sindano za dawa katika uti wa mgongo badala yake.

Kazi iliyofanyika Kampala

Afrika Mashariki nayo ilishiriki. Katika Hospitali ya Mulago, Uganda, daktari Denis Burkitt aliona watoto wengi wenye uvimbe wa taya. Aliandika habari zao mwaka 1958. Uvimbe huo ni kansa ya chembe nyeupe za mwili. Ilionekana kwamba dawa zaweza kuuponya. Mwaka 1967 kituo cha kutibu kansa hiyo kilifunguliwa hapo Kampala, na utafiti wake ulisaidia nchi nyingi.

Hali ya sasa

Katika nchi zenye dawa za kutosha, karibu watoto 9 katika kila 10 wenye aina ya kansa ya damu inayowapata watoto zaidi hupona. Watu wazima ni vigumu zaidi kupona, na utafiti unaendelea. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi. Wengi hufika hospitali wamechelewa, na wengine huacha dawa katikati.

Hapo ndipo penye hatari. Baada ya mwezi mmoja hivi wa matibabu mtoto huweza kuonekana mzima. Anacheza na anakula vizuri. Mzazi husema, "Amepona, turudi nyumbani tukalime." Lakini shamba lililopaliliwa leo huonekana safi, na mizizi ya magugu bado imo ardhini. Ndiyo maana matibabu huchukua miaka miwili hadi mitatu. Dawa ni kali. Mtoto hutapika na nywele hunyonyoka. Lakini nywele huota tena.

Mambo ya kukumbuka

1. Mtoto akiwa na homa isiyoisha, akipauka, au akitokwa damu bila sababu, mpeleke zahanati mapema.
2. Akipewa dawa ya malaria asipopona, mrudishe. Omba apimwe damu.
3. Ukipewa barua ya kwenda hospitali kubwa, usikawie.
4. Usiache dawa mpaka daktari aseme.
5. Ukiwa na afya njema, jitolee damu. Wagonjwa hawa huihitaji sana.

Maswali

1. Taja aina tatu za chembe za damu na kazi zake.
2. Kwa nini watoto waliotibiwa na Farber waliugua tena?
3. Kwa nini si vizuri kuchemsha mmea wenye dawa ya kansa?
4. Jirani yako anataka kumtoa mtoto hospitali kwa sababu anaonekana mzima. Utamwambia nini? Jadilianeni darasani.