Viporo Vyako Ndivyo Vinavyokunyima Usingizi



Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kona hii huja kwa sura nyingi. Huyu anataka kujua afanye nini moyo wake utulie. Yule analia kwamba kila anayempenda humwacha. Mwingine, na huyu ndiye aliyenigusa, ameuliza yote kwa mkupuo: Dada, mtu anapataje hekima, amani na upendo katika maisha haya?

Nitakujibu ninavyoamini. Wengi wetu huanza na upendo. Tunadhani akipatikana wa kutupenda, amani itaingia naye mlangoni na hekima itakuja baadaye, tukishazeeka. Mimi nasema anza na amani. Na amani hupatikana kwa kumaliza viporo. Deni ambalo hujalipa. Ahadi uliyoitoa kisha ukakaa kimya. Dada yako mliyenuniana tangu msiba wa bibi, mkikutana mnasalimiana kwa jicho la pembeni. Neno ulilotakiwa kumwambia mume au bosi, ukalimeza. Hayo ndiyo yanayokuamsha saa nane za usiku ukabaki unahesabu mabati. Hakuna mafuta ya upako wala maneno matamu ya mhamasishaji wa kwenye simu yatakayokulaza kama viporo vyenyewe bado vipo.

Tuanze na fedha, maana hapo wanawake wengi tunateseka kimya kimya. Shoga yako anaolewa. Kamati imeshakupangia mchango, kuna sare ya kicheni pati, kuna zawadi ya kumtunza bibi harusi. Wiki hiyohiyo kijumbe anadai fedha ya mchezo, na Jumatano kuna marejesho ya kikoba. Unakopa huku unaziba kule. Mwisho unaangukia kwa wakopeshaji wa kausha damu: unaacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri, au unaandikisha televisheni na makochi. Riba inakua kila wiki. Nyumbani mume hajui. Unamfokea mtoto kwa kumwaga maji, na wewe mwenyewe unajua kwamba hasira ile si ya maji.

Sasa sikiliza. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kila anayekopesha watu kama biashara anatakiwa awe na leseni. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Mwezi Novemba 2024 ilitangaza hadharani programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Nyingine za aina hiyo ndizo zile zinazowatumia ndugu zako na wafanyakazi wenzako ujumbe wa kukuaibisha ukichelewa siku mbili. Kabla hujaweka sahihi au kidole gumba, uliza leseni, uliza riba ya mwezi, na uandikiwe jumla utakayolipa mpaka mwisho. Anayekasirika kuulizwa hayo, mwachie fedha zake.

Na kama tayari umo ndani, chukua daftari leo uandike kila unayedaiwa naye: jina, kiasi, tarehe. Usiruke hata yule mama wa genge unayemkwepa kwa kupita njia ya nyuma. Kisha uwafuate mmoja mmoja kabla hawajakufuata wao. Sema wazi: "Mama, deni lako nalijua. Kwa sasa naweza elfu tano kila wiki, nitaanza Ijumaa." Ijumaa ikifika, peleka, hata kama mvua inanyesha. Watu wetu wana huruma na mdaiwa anayejitokeza. Anayewachoma ni yule anayezima simu. Dawa ya deni ni kulipa, na dozi ya kwanza ni kuonyesha uso wako.

Lingine ni kujifunza kusema hapana bila kuvunja undugu. Mwambie shoga yako: "Harusi yako nakuja, sare sitaiweza, ila nitafika alfajiri tukate vitunguu." Shoga wa kweli atakupokea na kukupa kisu. Atakayekununia kwa sababu ya kitambaa, ni afadhali umjue mapema.

Kuna viporo vingine ambavyo havina risiti. Hivi ndivyo vizito zaidi. Umemsema wifi yako vibaya, maneno yakamfika. Umemdhulumu mdogo wako katika urithi wa baba, kila mtu anajua na hakuna anayesema. Tazama wanaokwenda Hija: kabla ya kupanda ndege hulipa madeni, wakapita kwa ndugu na majirani kuomba radhi, kwa sababu safari ile haiendi vizuri na mzigo wa watu mgongoni. Wakristo nao wamefundishwa kuacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kupatana kwanza na ndugu. Dini zetu mbili kubwa zimekubaliana hapo: ukitaka amani na Mungu, pitia kwanza kwa jirani yako.

Kuomba radhi kuna namna yake. Nenda kwa miguu yako, usitume ujumbe wenye vikatuni vya kulia. Litaje kosa kwa jina lake. Ukisema "kama nilikukosea, nisamehe," hujaomba kitu, umemrudishia yeye kazi ya kuthibitisha kosa lako. Sema: "Nilisema maneno haya, kwa watu hawa, na hayakuwa kweli." Halafu unyamaze. Usianze kueleza kwamba na yeye alikuwa na yake. Kama mlango umefungwa kabisa, tafuta mtu wa kati anayeheshimiwa na pande zote, shangazi au mzee wa mtaa, akutangulie. Akikataa kukusamehe, umetimiza upande wako, na usingizi utaupata.

Lakini naomba nisieleweke vibaya. Anayekupiga, anayekutisha, anayekulazimisha, hana kiporo nawe cha kumaliziwa kwa wewe kurudi na kuomba radhi. Usikubali ndugu wakuambie "vumilia, ndiyo ndoa." Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda, na ukiogopa kwenda peke yako, nenda na mtu. Kuondoka mahali unapoumizwa nako ni kumaliza jambo.

Hekima sasa. Hii wengi wanaichanganya na umri au vyeti. Nataka nikukumbushe mtu mmoja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika nyumba maskini, akakua akitembeza vyungu alivyofinyanga mama yake. Shule hakuijua, kusoma na kuandika hakuweza. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini, umri ambao wengi wetu tunaona haya kuuliza lolote. Yeye alikaa chini ya wanaojua, akafundishwa uimbaji na muziki wa taarabu, akashika nyimbo kwa kichwa. Wapo waliomkejeli kwa asili yake na kwa sura yake. Alisikia, akaendelea kujifunza. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima kwa Kiswahili. Akaimba pia mambo ambayo wenye nguvu hawakupenda yasemwe, dhuluma wanazofanyiwa wanawake na wanyonge. Miezi michache kabla hajafariki mwaka 1950, aliyemfuata kumuuliza habari za maisha yake ni Shaaban Robert. Fikiria hilo: mwandishi mkubwa wa lugha yetu ameketi mbele ya mwanamke asiyejua kusoma, anaandika anachoambiwa. Wote wawili walikuwa na hekima kwa sababu moja: kila mmoja alijua kukaa akafundishwa.

Pwani yetu ilikuwa na utaratibu mzuri wa jambo hili. Msichana alipewa somo, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mama yake, wa kumfunza na kumsitiri. Mambo ambayo huwezi kumwambia mama, ulimwambia somo. Siku hizi somo anaitwa wiki ya harusi, anafundisha ya chumbani siku mbili, anapewa kanga na kuondoka. Tumeupunguza mno. Ninakushauri utafute somo wa maisha yako yote. Mchague mwanamke ambaye maisha yake umeyaona kwa macho: amefiwa na hakuharibika, amepata fedha na hakubadilika, siri za watu haziko mdomoni mwake. Msaidie kuchambua mchele, mpeleke hospitali, na katikati ya hayo muulize: ulipofiwa ulifanyaje? Ulipogombana na mwanao mliyamalizaje? Usikimbilie kuuliza "nifanye nini." Ukiuliza alivyofanya yeye, utapata kisa kizima, pamoja na alikokosea, na utajipimia mwenyewe. Na si lazima ufuate kila usemi wa mkubwa. Mwana Kupona wa Pate alimwandikia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na mengi humo kuhusu mke na mumewe mimi siyachukui. Ninachochukua ni ile huruma ya mama anayejua muda wake umebaki mchache, akautumia kumwandikia mtoto. Chukua linalokufaa, mengine uyaache kwa heshima.

Umeona basi kwa nini nilisema amani itangulie? Mtu mwenye viporo hawezi kufundishwa. Ukimweleza jambo anasikia lawama. Ukikaa naye, jicho liko kwenye simu, anaogopa itapigwa.

Upendo nauacha mwisho, na sitausemea sana, kwa sababu tumeshausemea mno. Shaaban Robert huyohuyo alifiwa na mkewe Amina mwaka 1942. Wanawe hakuwaacha na maneno ya jumla. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili, kila mmoja na wake. Alikuwa karani tu, na kazi ya kutwa ilimsubiri kama inavyotusubiri sisi. Upendo ni hivyo: muda wako na kazi ya mikono yako, vikimwendea mtu fulani kwa jina lake.

Ndiyo maana nakusihi, unapochagua wa kuishi naye, acha kuangalia anavyoposti siku yako ya kuzaliwa. Angalia viporo vyake. Je, hulipa anachokopa? Akikosea, hurudi akasema nimekosea? Humjibuje konda wa daladala, na mhudumu aliyechelewesha chai? Mama yake akiumwa, huenda au hutuma tu fedha? Mwanaume au mwanamke anayemaliza mambo yake na watu, atayamaliza na wewe pia. Anayewakimbia wote, siku moja atakukimbia wewe, hata akikupenda.

Na wewe uliye ndani ya ndoa, unayepika, unayefua, unayelea, na unaambiwa huna kazi: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Ilikuwa ikitafsiri Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Silisemi hili ili ukagombane leo usiku. Nalisema ili ujue kwamba unachofanya kina thamani mbele ya sheria, na ili ewe kaka unayesoma gazeti la dada yako uache kutamka neno lile la "huna kazi." Mtu anayehesabiwa hupenda bila kujikinga.

Nimalizie na ombi. Kuna jina lililokujia kichwani ulipokuwa unasoma habari za viporo. Unalijua, na mimi silihitaji. Usingoje sikukuu wala msiba uwakutanishe. Mpigie leo kabla ya magharibi, umwambie unakwenda kumwona Jumapili, kisha uende.