Kabla ya Kubonyeza “Thibitisha”: Namna ya Kuipima Menyu na Programu ya Simu Yako

Madhumuni ya somo

Somo hili linamwezesha mtumiaji wa huduma za mawasiliano kufahamu jinsi menyu na programu za simu zinavyosanifiwa, kuitambua iliyosanifiwa vizuri na ile inayoweza kumtia hasarani, na kujua hatua za kuchukua anapopata tatizo. Halihitaji ujuzi wa kompyuta. Mifano yake imewekwa katika mazingira ya Mashewa, wilayani Korogwe, lakini mtumiaji wa Handeni au wa mahali pengine nchini ataikuta hiyo hiyo katika simu yake.

1. Kiolesura ni nini?

Kiolesura ni sehemu ya huduma ambayo mtumiaji huiona na kuigusa: orodha ya machaguo, vitufe, maandishi, alama na ujumbe wa majibu. Tuchukue mfano wa mkulima wa Mashewa aliyeuza mahindi na sasa anataka kumtumia mwanawe fedha za shule. Mitambo ya mtoa huduma haioni. Anachokiona ni maneno machache kwenye kioo cha simu. Maneno hayo yakiwa na utata, au yakimpitisha haraka kuliko anavyoweza kusoma, fedha inaweza kufika kwa mtu mwingine. Aliyeipokea akiwahi kuitoa kwa wakala, kuirejesha huwa kazi ngumu.

Violesura tunavyovitumia zaidi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni menyu inayofunguliwa kwa namba zenye nyota na reli, kama vile *150*00#. Menyu hii hufanya kazi hata kwenye simu ndogo ya vitufe na haihitaji intaneti. Hata hivyo, ukurasa wake mmoja hauzidi herufi 182, nafasi zikiwemo, na hujifunga yenyewe mtumiaji akichelewa kujibu. Aina ya pili ni programu inayopakuliwa kwenye simu janja. Hii ina nafasi ya picha, rangi na maelezo marefu, lakini kwa kawaida inahitaji intaneti, na inaweza kuomba ruhusa ya kuingia katika taarifa zako nyingine.

2. Usanifu mzuri huanza kwa mtumiaji

Msanifu hodari hajiulizi tu, “Mtambo wangu unaweza kufanya nini?” Hujiuliza pia, “Mtu huyu anataka kukamilisha jambo gani, na yuko katika hali gani?” Historia ya M-Pesa inalieleza jambo hili vizuri.

Mwaka 2005 majaribio ya huduma hiyo yalianza nchini Kenya, kwa lengo la kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wasimamizi wa majaribio walipowafuatilia watumiaji, waliona kwamba wengine walikuwa wakiitumia huduma kwa shughuli ambazo hazikupangwa, ikiwemo kutumiana fedha wao kwa wao. Matumizi hayo hayakuzuiwa, bali yalichukuliwa kuwa fundisho. Safaricom ilipoizindua huduma hiyo kwa umma mwezi Machi 2007, kutuma fedha nyumbani ndiko kulikowekwa mbele. Mwaka uliofuata, 2008, Vodacom iliianzisha M-Pesa nchini Tanzania.

Fundisho la pili linahusu makosa ya namba. Kwa miaka kadhaa, mtumaji nchini Kenya alilijua jina la mpokeaji baada ya fedha kuondoka, aliposoma ujumbe wa uthibitisho. Baadaye Safaricom iliongeza huduma iliyoitwa Hakikisha, ambayo ilimwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa muda mfupi wa kusitisha. Mtumiaji aliyekosea tarakimu moja alikuwa na uzembe ule ule wa siku zote. Kilichobadilika ni kwamba kiolesura kilimpa nafasi ya kuliona kosa lake kabla halijawa hasara. Kukosea ni sehemu ya ubinadamu, na kiolesura kizuri hujengwa kwa kulitambua hilo.

3. Hatua za kutengeneza programu

Kwa kifupi, kazi hupita katika hatua hizi:

(a) Kumfahamu mtumiaji. Anasoma kwa urahisi? Simu ni yake peke yake au hutumiwa na nyumba nzima? Mtandao wa eneo lake ni imara, au hukatika kwa sababu ya milima?

(b) Kuchora. Kurasa huchorwa kwanza kwenye karatasi, kwa kuwa kufuta mstari wa penseli ni rahisi kuliko kubomoa programu iliyokamilika.

(c) Kujaribu na watu halisi. Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba majaribio ya watu watano tu yanaweza kufichua sehemu kubwa ya kasoro za kiolesura. Watu hao wapewe kazi ya kufanya, na msanifu anyamaze aone wanapokwama.

(d) Kurekebisha na kujaribu tena.

(e) Kuitoa kwa umma na kusikiliza malalamiko. Malalamiko ya mtumiaji ni sehemu ya usanifu; asiyelalamika humnyima msanifu taarifa anayoihitaji.

4. Maswali matano ya kuipima huduma

Ijaribu huduma mpya kwa kiasi kidogo cha fedha, kisha ujiulize:

Je, lugha yake naielewa? Maneno yawe ya Kiswahili cha kawaida, na neno moja lisibebe maana mbili.

Je, naona jina la mpokeaji, kiasi na makato kabla ya kuingiza namba ya siri? Gharama inayojulikana baada ya muamala haimsaidii mtumiaji kuamua.

Je, naweza kurudi nyuma au kusitisha bila hasara?

Je, mtandao ukikatika katikati, nitajuaje kama fedha imekwenda? Huduma nzuri hutuma ujumbe wenye namba ya muamala. Usipoupata, angalia salio kwanza, usirudie kutuma.

Je, namba ya huduma kwa wateja inapatikana kwa urahisi?

Endapo jibu la mojawapo ni “hapana”, ongeza tahadhari. Ni heri kuchelewa dakika mbili kuliko kumkabidhi mtu mwingine simu yako akufanyie muamala pamoja na namba yako ya siri.

5. Sura nzuri si uthibitisho wa uaminifu

Usanifu unaweza pia kutumiwa dhidi ya mtumiaji. Kitufe cha “Kubali” huwekwa kikubwa chenye rangi ya kuvutia, na cha “Kataa” kikafichwa kwa maandishi hafifu. Masharti huandikwa marefu ili yasisomwe. Ruhusa huombwa bila sababu.

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakiendesha shughuli bila leseni. Kabla ya kukopa kwa simu, thibitisha kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Kisha tazama ruhusa anazoziomba. Programu ya mkopo inayotaka orodha ya majina yote katika simu yako inataka pia taarifa za ndugu, jirani na wateja wako, ambao hawakukopa. Simu yenye Android toleo la 6.0 au la baadaye inakuwezesha kukataa ruhusa moja moja na kuziondoa wakati wowote katika sehemu ya mipangilio. Tambua pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako azikusanye kwa kusudi halali na lililo wazi.

6. Unapopata tatizo

Ukikosea muamala, piga simu mara moja kwa mtoa huduma wako kupitia namba 100, ukiwa na namba ya muamala, kiasi na saa uliyotuma. Usifute ujumbe wowote. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, kama ule wa “tuma kwa namba hii”, usiujibu. Upeleke kwenda namba 15040. Usipotatuliwa tatizo na mtoa huduma, una haki ya kuwasilisha malalamiko yako katika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Zoezi la nyumbani

Fungua menyu unayoitumia kila siku mbele ya mtu mmoja wa nyumbani ambaye hajaizoea. Mwombe atafute mahali pa kuangalia salio, nawe usimwelekeze. Andika kila mahali aliposita na neno lililomtatiza. Ukimaliza, mpigie mtoa huduma wako umsomee ulichoandika, kwa maana hizo ndizo kurasa zinazostahili kurekebishwa.