Ukungu Ukutani: Wajibu wa Mwenye Nyumba na Wako

Umepata vyumba viwili Moshono, Arusha, mwezi Januari. Jua linawaka, rangi ya ukutani bado inanukia upya, dalali ana haraka. Unalipa kodi ya miezi sita na cha dalali juu. Aprili masika yakishika, ukuta wa nyuma ya kabati unatoa madoa meusi, nguo zinanuka uvundo, mtoto anakohoa usiku kucha. Ukimpigia mwenye nyumba anakujibu: "Si uliiona mwenyewe ukaikubali?"

Jibu hilo halimwondolei wajibu.

Sheria inasemaje?

Tangu sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ifutwe mwaka 2005, upangaji nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, pamoja na sheria ya mikataba. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi (toleo la 2019) kinataja ahadi za mwenye nyumba zinazohesabiwa kuwamo kwenye mkataba hata kama hazikuandikwa. Mbili zinagusa ukungu. Nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku unapoingia, na ibaki hivyo muda wote wa upangaji. Na ukipanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu yake kuvitengeneza. Mkataba wa mdomo wa muda usiozidi mwaka nao unatambulika.

Hili si suala la urembo wa nyumba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na ukungu wa ndani na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Uingereza ilitunga sheria ya kuwabana wenye nyumba za umma baada ya mtoto wa miaka miwili kufariki mjini Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya ukungu wa nyumbani kwao.

Ukungu wa nani?

Maji yanayopanda kutoka kwenye msingi, bati linalovuja na bomba lililopasuka ndani ya ukuta ni kasoro za jengo. Lakini ukianika nguo chumbani na kupika madirisha yakiwa yamefungwa kwa kuogopa baridi ya Juni na Julai, mvuke utatua ukutani, na hapo lawama ni yako. Sheria inamtaka mpangaji naye atunze nyumba, na amruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua kwa wakati unaofaa.

Kabla ya kulipa

Ingia kabla madirisha hayajafunguliwa, unuse. Tazama dari kama ina duara za kahawia, na chini ya kuta kama plasta inabanduka au inatoa chumvichumvi. Ukuta mmoja ukiwa na rangi mpya peke yake, uliza kwa nini. Muulize mpangaji wa jirani hali ilikuwaje masika yaliyopita. Piga picha, muiandike hali ya nyumba kwenye mkataba, wote wawili mtie sahihi. Ukikuta kipengele kinachosema matengenezo yote ni ya mpangaji, usisaini kabla hakijarekebishwa.

Ukungu ukishatokea

1. Piga picha, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi (hata ujumbe wa simu) na umpe muda wa kurekebisha. Tunza nakala.

2. Akikaa kimya, mwone afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inagusa majengo yanayohatarisha afya. Omba ukaguzi wake uwe wa maandishi.

3. Nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

4. Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure.

Usiache kulipa kodi kwa hasira. Kulipa ni wajibu wako, na ukiuvunja unampa mwenye nyumba sababu ya kukutoa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujamhesabia dalali pesa, gusa sehemu ya chini ya ukuta kwa kiganja. Ukuta ukiwa na unyevu, dai urekebishwe kwanza, na ahadi hiyo iandikwe.