Nguzo Huoza Wapi?

Ng'oa nguzo ya zamani ya baraza. Itazame vizuri. Mara nyingi ncha ya chini bado ni ngumu. Juu pia ni nzima. Imeoza pale inapoingia ardhini. Kwa nini pale?

Wengi husema ni mchwa. Lakini mchwa huacha udongo wao. Kama mti umekuwa mwepesi na unavunjika kwa vidole, hiyo ni kazi ya kuvu. Kuvu ni jamii moja na uyoga. Huishi kwa kula mti. Huhitaji maji na hewa pamoja. Chini sana hewa ni kidogo. Juu maji hukauka upesi. Usawa wa ardhi vyote viwili vipo.

Mafundi wa mashua wa pwani yetu wanajua kuzuia maji tangu zamani. Hupaka mbao sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Mafuta huingia katika mbao, maji yakashindwa kupenya. Harufu yake! Aliyewahi kupita karibu na mashua iliyopakwa anaijua. Lakini siku hizi papa wamepungua.

Mafuta ya maganda ya korosho nayo hufaa. Mikorosho tunayo Muheza, Mkinga na Pangani. Waulize wanaobangua korosho. Jihadhari, mafuta hayo huunguza ngozi. Tumia brashi, funika mikono, na watoto wakae mbali.

Usipake mti mbichi. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiupaka ukiwa na maji, unayafungia ndani, na kuvu huendelea kula usipoiona. Anika nguzo kivulini, juu ya mawe, miezi kadhaa. Chagua mti wenye kiini kikubwa, kama mvule. Kiini huoza polepole; sehemu nyeupe ya nje huoza upesi. Kisha paka mara mbili au tatu. Zidisha kwenye ncha zilizokatwa, maana maji huingia hapo zaidi.

Mafuta hayadumu. Kila mwaka, kabla ya masika, fukua udongo kidogo, acha nguzo ikauke, upake tena.

Wengine hupaka oili chafu ya magari. Oili hiyo ina sumu, nayo huweza kufika kisimani.

Zungumzeni darasani:
1. Nguzo za nyumba yako zimeoza wapi?
2. Maji ya mvua ya paa lako huangukia wapi?