Hukumu ya Kufuga Mbwa kwa Kijana Anayeanza Kujitegemea



Wengi katika vijana wetu huondoka majumbani kwenda kusoma au kufanya kazi Uingereza na kwengineko. Kijana hupanga chumba peke yake, na jioni hurudi asimkute wa kumwitikia salamu. Huwaona wenzake wana mbwa, nafsi yake ikatamani. Ndipo huuliza: Je, inajuzu?

Jawabu lina mambo matatu.

Kwanza, haja. Jua, ewe kijana wetu, kwamba sheria haikumkataza mbwa katika kila hali. Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na Mtume (S.A.W.) ameruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wamemkisia juu ya hao mbwa anayemwongoza kipofu. Ama mwenye kumfuga bila ya haja ya namna hiyo, imepokewa katika Hadithi kuwa thawabu zake hupungua kila siku, na kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Upweke haukutajwa katika haja hizo.

Pili, twahara. Tumeamrishwa chombo alichokilamba mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mwenye shamba humweka mbwa wake nje. Lakini mwenye chumba kimoja, hapo anapopika na kulala ndipo anaposali. Msala wake atautandika wapi?

Tatu, haki ya mbwa mwenyewe, na hii ndiyo inayosahauliwa. Hatukuamrishwa kumchukia kiumbe huyu. Mtume (S.A.W.) ametusimulia habari za mtu aliyemtekea maji kwa kiatu chake mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake, na za mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, akaingia Motoni. Mbwa huishi miaka kumi na zaidi, na mpangaji wa chumba huweza kuhama baada ya muda mfupi. Mashirika ya kutunza mbwa ya Uingereza hushauri asiachwe peke yake zaidi ya saa nne, na mfanyakazi hutoka asubuhi akarudi magharibi. Akija Maskati likizo, atamwachia nani? Kumhurumia mbwa, basi, ni pamoja na kutomchukua usiyeweza kumtimizia haki yake.

Suala: Aliyekwisha kumnunua afanyeje?

Jawabu: Asimtupe njiani, kwani hiyo ni dhulma, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 ya ustawi wa wanyama pia inamwajibisha mwenye mnyama. Amtafutie mwenye haja naye, au ampeleke kwenye taasisi inayowapokea mbwa. Mpaka hapo amlishe na amnyweshe, na ahifadhi nguo zake na mahala pake pa sala.

Na nyinyi wazazi, msitosheke na kusema "haramu" kisha mkakata simu. Aliyetamani mbwa ametamani mwenzake wa kukaa naye. Mpigieni mara kwa mara, mjulisheni kwa jamaa walioko mji ule, muhimizeni kuhudhuria sala ya jamaa msikitini, na akiwa tayari kuoa msimzidishie uzito wa mahari na sherehe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.